KUISHI UGENINI SI KUPOTEA
Habari ya mchoraji Skunder Boghossian wa Ethiopia

   

Leo hatutasema habari ya mikutano wala ya silaha. Tutasema habari ya mtu mmoja aliyeshika brashi ya rangi, aliyetoka kwao akiwa kijana, akaishi ugenini sehemu kubwa ya maisha yake, na huko akawa mmoja wa wachoraji wanaojulikana zaidi kati ya wote waliotoka Afrika ya Mashariki. Jina lake ni Skunder Boghossian.

Pengine wewe mama utasema: nimelala chini ya hema, watoto hawana unga, nifanye nini na habari ya mchoraji? Swali lako ni la haki. Mchoro haujazi chungu. Lakini kuna maneno mawili yanayomsumbua kila mtu aliyehama, hata siku ile anayopata unga. La kwanza: je, kwa kuwa nimetoka kwetu, mimi nimepungua? La pili: hawa walionipokea wananiona kama mzigo, ao wanaona kwamba nina kitu mkononi? Maisha ya Skunder yanajibu maneno hayo mawili, na yanajibu bila kuficha uchungu wake.

Alizaliwa wakati wa vita

Skunder alizaliwa Addis Ababa, mji mkubwa wa Ethiopia, mwaka wa 1937. Angalia mwaka huo. Waitalia walikuwa wameivamia Ethiopia mwaka wa 1935, na mwaka wa 1936 wakaingia mji mkuu. Mfalme Haile Selassie alikimbilia Uingereza. Basi mtoto huyu alizaliwa katika nchi ambayo hata mfalme wake alikuwa mkimbizi.

Baba yake alikuwa askari, ofisa katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Kwa sababu aliwapinga wavamizi, alikamatwa akawekwa kifungoni miaka mingi. Nyumba ikagawanyika. Mama akaendelea na maisha yake kando, na Skunder pamoja na dada yake wakalelewa na ndugu ya baba yao. Ninyi mnaolea watoto wa ndugu zenu leo mnaijua hali hiyo. Mtoto anakula, anasoma, anacheza, lakini moyoni anajua kwamba nyumba yake ilivunjwa na vita vya watu wakubwa.

Tena kuna jambo lingine. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Waarmenia. Hao ni watu waliotoka mbali, upande wa Uturuki na milima ya jirani, na wengine wao walihamia Ethiopia kufanya biashara na kazi za mikono. Mama yake alikuwa Mwethiopia. Tafadhali shikeni jambo hilo, kwa maana tutalirudia mbele.

Kijana alipenda kuchora. Katikati ya miaka ya 1950 alipata zawadi ya pili katika maonyesho ya kuadhimisha utawala wa mfalme, na serikali ikampa msaada wa masomo ili aende Ulaya. Mwaka wa 1955 akasafiri London. Alikuwa na miaka 18. Yeye hakukimbia risasi siku ile, alikwenda kusoma. Kukimbia na kusafiri kwa masomo si jambo moja, na hatutaki kuyachanganya. Lakini mtajionea namna safari ya miaka michache ilivyogeuka kuwa maisha mazima, hata mlango wa kurudi ukafungwa nyuma yake.

Sanaa ya ndoto

Baada ya miaka miwili ya London akahamia Paris, Ufaransa, akakaa huko karibu miaka tisa, kwanza kama mwanafunzi, kisha akifundisha pia. Paris ndiko alikokutana na sanaa inayoitwa surealismu. Tuieleze kwa maneno mepesi.

Mwaka wa 1924 mwandishi Mfaransa, André Breton, alitoa tangazo. Ulaya ilikuwa imetoka katika vita vikubwa vya 1914 mpaka 1918, na mamilioni ya vijana walikuwa wamekufa. Breton na wenzake walisema: hii akili yetu tunayojivunia ndiyo iliyotuongoza kwenye mauaji haya. Basi tutafute pia yale yaliyo chini ya akili, yaani ndoto, hofu, tamaa, picha zinazokuja mtu akiwa usingizini. Mchoraji wa namna hii hachori nyumba kama unavyoiona barabarani. Anachora nyumba kama inavyokuja katika ndoto, yenye macho, yenye mabawa, ao inayoelea hewani.

Ninyi mliopita katika vita hamhitaji mwalimu wa kuwaeleza hayo. Mnajua namna kijiji kilichochomwa kinavyorudi usiku, na katika ndoto mti wa maembe umesimama mahali pasipo pake, na mtu aliyekufa anazungumza kama kawaida. Surealismu ilizaliwa na watu waliojaribu kuyatoa hayo nje, yaonekane, yasimwoze mtu ndani.

Mjukuu wa Kongo aliyetangulia

Huko Paris Skunder alikutana na kazi za mchoraji mwingine, Wifredo Lam. Huyu mtu anatuhusu sisi Wakongo. Lam alizaliwa Cuba mwaka wa 1902. Baba yake alikuwa Mchina. Upande wa mama yake, damu ilitoka Kongo: bibi yake alikuwa mwanamke Mkongo aliyefanywa mtumwa. Yaani mtu aliyetolewa katika udongo wetu kwa nguvu, akapelekwa ng'ambo ya bahari, asirudi tena, alizaa ukoo uliomzaa mchoraji mkubwa.

Lam naye aliishi maisha ya kuhamahama. Mwaka wa 1923 alikwenda Hispania kusoma. Mwaka wa 1931 mke wake na mtoto wake walikufa kwa kifua kikuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Hispania mwaka wa 1936, alikuwa upande wa Jamhuri, na mwaka wa 1938 akakimbilia Paris. Jeshi la Hitler lilipoingia Paris mwaka wa 1940, akakimbia tena mpaka bandari ya Marseille. Mwaka wa 1941 alipanda meli iliyojaa wakimbizi, na Breton mwenyewe, yule wa tangazo la 1924, alikuwa ndani. Mwishoni Lam akajikuta tena Cuba, baada ya miaka 18.

Sasa sikilizeni. Aliporudi, aliiona nchi yake kwa macho mapya. Miwa, majani, vinyago na ibada za watu weusi, vitu alivyoviacha akiwa kijana, sasa vilimjaa moyoni. Mwaka wa 1943 akachora picha kubwa inayoitwa Msitu. Ndani yake watu na miwa na vinyago vimechanganyika, huwezi kusema mguu unaishia wapi na mmea unaanzia wapi. Jumba la sanaa za kisasa la New York liliinunua mwaka wa 1945. Bila kwenda Ulaya, pengine asingejifunza namna ile ya kuchora. Bila Cuba na bila ule urithi wa Afrika, asingekuwa na kitu cha kusema kwa namna ile.

Skunder alipoziona kazi za Lam, aliona mlango. Mpaka hapo kijana Mwafrika katika shule za Ulaya alionyeshwa njia mbili tu: kuwaiga wachoraji wa Ulaya, ao kuchora vibanda na ngoma ili kuwafurahisha wageni. Lam alionyesha njia ya tatu. Unaweza kuchukua chombo cha mwenyeji wako na kubebea maji ya kisima chenu.

Alichokikumbuka akiwa mbali

Basi Skunder akarudi kwa mawazo mpaka Ethiopia, miguu yake ikiwa bado Paris. Alikumbuka nini?

Alikumbuka michoro ya makanisa ya kale, yenye watakatifu wa macho makubwa. Na kulikuwa na kitu kingine, karatasi za uponyaji. Kwetu hatuna kitu kinachofanana nacho kabisa, kwa hiyo tukieleze. Kule Ethiopia, mtu akiwa mgonjwa ao akiandamwa na hofu, huenda kwa mtaalamu wa kanisa. Mtaalamu huchukua ngozi ya mbuzi ao ya kondoo, akaitengeneza iwe ukanda mrefu unaolingana na urefu wa mwili wa mgonjwa, kutoka kichwani mpaka miguuni. Juu yake huandika sala na kuchora malaika, misalaba na macho yanayotazama. Mwenye ukanda huo huukunja na kuubeba kila aendako. Ni dawa ya kubeba, iliyokatwa kwa kipimo chako mwenyewe.

Akiwa Addis Ababa, vitu hivyo vilikuwa kawaida, kama wewe unavyomwona mama akisonga bukari bila kuwaza. Akiwa mbali, vikawa hazina. Katika picha zake za miaka ya 1960 yale macho yakaanza kutazama kutoka gizani. Mwaka wa 1964 alichora picha kubwa ambayo jina lake tunaweza kulitafsiri hivi: Safari ya Usiku ya Hofu na Furaha. Viumbe wenye mabawa wanaruka katika usiku uliojaa nyota. Hujui kama wanakimbia ao wanacheza. Jina lenyewe linaweka hofu na furaha pamoja, kwa maana mtu aliyetoka kwao hubeba vyote viwili katika mfuko mmoja. Picha hiyo leo iko katika jumba la sanaa la jimbo la North Carolina, Marekani.

Mwaka huohuo alitengeneza nyingine, Arusi ya Juju, kwa rangi juu ya vipande vya katoni vilivyokatwa na kuchanwa. Katoni, ndugu! Ile ambayo watoto wenu wanaitandika chini wapate kulala. Jumba la sanaa za kisasa la New York, lile lililokuwa limenunua Msitu wa Lam, likainunua kazi hiyo katika miaka ya 1960. Jumba la sanaa za kisasa la Paris nalo likanunua kazi yake. Wakati ule ni Waafrika wachache sana walioingia katika majumba hayo wakiwa na majina yao. Kazi za Afrika zilikuwa zikiwekwa bila jina la fundi, kama kwamba zilijichonga zenyewe.

Kurudi, na kuondoka tena

Mwaka wa 1966 Skunder alirudi nyumbani. Alifundisha katika shule ya sanaa ya Addis Ababa, iliyofunguliwa mwaka wa 1957. Mwaka wa 1967 alipewa zawadi ya Haile Selassie ya sanaa, heshima kubwa kabisa ya nchi. Alifundisha miaka michache tu, lakini wanafunzi walimzunguka, kwa kuwa aliwaambia kwa matendo: ile ngozi ya bibi yako si ushamba, ni shule.

Kisha akaondoka tena. Karibu na mwaka wa 1970 alikuwa Marekani, kwanza Atlanta, kisha Washington, katika chuo kikuu cha Howard. Chuo hicho kilianzishwa mwaka wa 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, ili watoto wa watu waliokuwa watumwa wapate masomo ya juu. Huko akafundisha mpaka mwaka wa 2001.

Nyuma yake mlango ukafungwa. Mwaka wa 1974 wanajeshi walimpindua mfalme. Kati ya mwaka wa 1977 na 1978 damu ya vijana wengi ilimwagika katika mitaa ya Addis Ababa, na utawala ule haukuanguka mpaka mwaka wa 1991. Watu kwa maelfu walikimbia. Skunder aliyeanza kama mwanafunzi msafiri akawa sasa mmoja wa watu walio nje, wanaosikiliza habari za nyumbani kwa redio na kwa simu.

Kazi yake ikabadilika tena. Alitumia ngozi, alitumia gome la mti, akazipa picha zake umbo la ule ukanda mrefu wa uponyaji. Ndiyo kusema, kadiri alivyokaa mbali, vyombo vyake vilizidi kuwa vya nyumbani. Wengine wanafikiri kwamba mtu akikaa ugenini miaka 30 anasahau. Huyu alikwenda kinyume chake.

Na darasa lake la Howard likawa kama uwanja wa kijiji. Wosene Kosrof, aliyesoma shule ya sanaa ya Addis Ababa, alifika huko akajulikana kwa michoro inayocheza na herufi za Kiamhara. Kebedech Tekleab naye alifika. Huyu mama, akiwa msichana, aliikimbia Ethiopia ya wanajeshi, akakamatwa na kufungwa Somalia karibu miaka 10. Alipotoka kifungoni alikwenda Marekani, akasoma sanaa Howard. Mwaka wa 2001 yeye na Skunder walitengeneza pamoja kazi kubwa ya ukutani, ya chuma cha alumini, kwenye ubalozi wa Ethiopia mjini Washington. Fikirini: mzee aliyeondoka akiwa kijana, na mwanamke aliyepitia kambi ya wafungwa, wanapewa ukuta wa nyumba ya taifa lao waupambe.

Skunder alifariki Washington tarehe 4 Mei 2003. Mwaka huohuo jumba la taifa la sanaa za Afrika la mji ule lilikuwa na maonyesho ya wachoraji wa Ethiopia walioishi nje ya nchi, na kazi zake zilikuwamo.

Bei aliyolipa

Hatutaki kuwadanganya. Sifa ya Skunder ilikuwa na bei. Picha zake nyingi zinazojulikana ziko Marekani na Ulaya. Mtoto wa Addis Ababa anayetaka kuzisimamia mbele na kuzitazama anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege. Shule yake mwenyewe ya kwanza ilimpata kwa miaka michache, na chuo cha ugenini kilimpata kwa miaka karibu 30. Nchi inayowafukuza watu wake, ao inayowafanya waogope kurudi, hujifukuzia mali yake. Wengine wataokota.

Na sisi Wakongo tusicheke. Tuhesabu walimu, waganga, mafundi na wanamuziki wetu walio Brussels, Johannesburg na Ndola.

Mwenyeji ni nani?

Sasa turudie jambo lile tuliloomba mlishike. Kwa ukoo wa baba yake, Skunder alikuwa wa watu waliokuja. Lakini leo Waethiopia wakitaja waliofungua njia ya uchoraji wao wa kisasa, jina lake liko mbele. Tena si yeye peke yake. Mwaka wa 1924 Ras Tafari, aliyekuja kuwa Haile Selassie, aliwachukua kutoka Yerusalemu yatima 40 wa Kiarmenia waliookoka mauaji ya watu wao, akawaleta Ethiopia wawe wapiga tarumbeta. Mwalimu wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa uliopigwa nchini humo mpaka wakati wa mapinduzi. Wimbo wa taifa, kazi ya mgeni aliyekuja na yatima!

Hapa kwetu Katanga swali la «wewe ni mtu wa wapi?» limekwisha kuua. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, Likasi, Kolwezi na kwingineko. Familia zililala katika vituo vya treni wakingojea mabehewa ya kuwapeleka «kwao», na wengi kati ya watoto hao walikuwa wamezaliwa hapa, hawajaona Kasai hata siku moja. Wengine walikufa vituoni na njiani. Jambo hili hatulisemi kwa kutonesha kidonda. Tunalisema kwa kuwa kila kizazi kinajaribiwa tena.

Na hapa Sakania, tuulize reli. Ilifika kwetu kutoka kusini mwaka wa 1909, na mwaka wa 1910 ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi. Nani aliijenga, nani alichimba shaba? Watu wa hapa, pamoja na watu wa Rhodesia, wa Nyasaland, wa Kasai, wa Ruanda na Urundi. Hata leo Walala na Walamba wako upande huu wa mpaka na upande ule. Mpaka ulichorwa juu yao wakiwa wamekaa nyumbani.

Hata sanaa ya Lubumbashi ina mgeni kwenye msingi wake. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville iliyoitwa Hangar. Pamoja na wachoraji wa Katanga kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, alikuwamo Bela Sara. Huyu alitoka Chad, nchi ya mbali kabisa, akaja kama mtumishi wa yule Mfaransa. Katika karakana ile alishika rangi, akachora bila brashi, kwa ncha za vidole vyake, nukta kwa nukta. Mwaka wa 2015, michoro ya Bela, ya Pilipili na ya Mwenze ilionyeshwa Paris chini ya jina moja: uzuri wa Kongo. Hakuna aliyemtoa Bela ukutani kwa kuwa alizaliwa Chad. Mtumishi wa nyumbani, mtu wa kuja, amehesabiwa katika uzuri wa nchi yetu.

Siku ya tatu mpe jembe

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi husema methali hii kwa hasira, kama kumwambia mgeni: umekula vya kutosha. Lakini tuitazame vizuri. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze. Inasema mpe jembe, ni kusema mpe mahali pa kulima, mkubali kama mtu mwenye mikono. Paris ilimpa Skunder jembe. Addis Ababa ilimpa jembe kwa miaka michache. Howard ilimpa jembe miaka karibu 30, na ndiyo iliyovuna zaidi.

Basi ninyi machifu na wakubwa wa mitaa, familia iliyohama ikifika kwenu, andikeni majina, ndiyo, kwa kuwa usalama unatakiwa. Lakini kwenye daftari ongezeni mstari mmoja: huyu anajua kazi gani? Mtakuta fundi wa matofali, mshonaji, mwalimu, mfua chuma, mama anayejua kusuka vikapu vya namna ambayo hapa haijulikani. Kila mmoja ambaye kazi yake inajulikana mtaani ni vigumu kumgeuza adui siku wachochezi watakapokuja. Watu wataanza kumwita kwa jina la kazi yake, na jina la kabila lake litabaki kuwa jambo lake la nyumbani.

Na ninyi mliohama, tunawaambia maneno mawili. La kwanza, msione haya juu ya mlichobeba. Lugha ya kwenu, hadithi za usiku, namna ya kupika samaki ya ziwa lenu, namna ya kuimba msibani: wafundisheni watoto. Ndicho kile kisima. La pili, msifunge kisima kwa mfuniko. Jifunzeni na chombo cha wenyeji, lugha yao, mazao yao, ufundi wao. Skunder angechora Ethiopia tu kama alivyoiacha, angebaki mtu wa kulilia jana. Angechora Ulaya tu, angekuwa kivuli cha wengine. Kazi yake ilipata uzito kwa kuwa alikubali kubeba vyote viwili, na akakubali pia kwamba mzigo huo unachosha.

Ule ukanda wa uponyaji ulikatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Hakuna anayeweza kukukatia wako bila kukupima. Serikali, mashirika na makanisa watawapa hema, unga na chumvi, na tunawashukuru. Lakini dawa ya kuitwa tena mtu kati ya watu hutolewa na jirani wa karibu, yule anayekuona kila asubuhi kisimani. Anaweza kuianza kesho kwa kuuliza: kwenu mlikuwa mkifanya kazi gani?

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Katika mtaa wetu ao kambi yetu, ni kazi gani wageni wanaijua ambayo sisi hatuijui? Nani amekwisha kuwauliza?

2. Ni jambo gani la kwetu tuliloanza kuliona kuwa na thamani baada tu ya kuwa mbali nalo?

3. Neno «mtu wa kuja» linasemwa namna gani kati yetu? Linasemwa na nani, na wakati gani linakuwa hatari?

4. Wakubwa wetu wanaweza kumpa mgeni jembe gani katika muda wa mwezi mmoja: kipande cha shamba, mahali sokoni, darasa, ao kiti katika mkutano wa mtaa?